Masale ya Goli la Mlimani

Asubuhi ya kwanza Mikidadi, mtunza uwanja, alidhani ni macho yake. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na daktari alishamwonya kuhusu macho. Jioni iliyotangulia alikuwa amechora mstari wa goli la mlimani kwa chokaa, palepale alipoelekezwa na uongozi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mstari ulikuwa umerudi hatua saba ndani ya uwanja. Milingoti ya goli ilibaki mahali pake papya. Mstari peke yake ndio uliohama. Pale alipouchora yeye palikuwa na nyasi tupu zenye umande, hata unga wa chokaa haukuonekana. Na pale ulipohamia, ulikuwa umenyooka kuliko mstari wowote aliouchora katika miaka yake kumi na minane ya kazi.

Hilo la mwisho ndilo lililomuudhi.

Akachora tena. Ukarudi. Akachora mara ya tatu, akaweka na matofali. Asubuhi akakuta matofali yamepangwa vizuri kando ya uzio, na mstari uko kulekule unakotaka wenyewe. Siku ya nne akaenda kwa katibu wa klabu.

"Shikamoo, Mzee Mikidadi," alisema Pamela bila kuinua macho kwenye karatasi.

"Marahaba. Katibu, ule mstari unatembea."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Hauendi. Unarudi kwake."

Pamela aliinua macho. Mikidadi alikuwa mtu wa Pasua, Moshi mjini, mtu wa swala tano na maneno machache, na hakuwahi kumletea mzaha wala udhuru. "Labda mvua," alisema Pamela.

"Mvua haipangi matofali, Mama Tito."

Pamela hakuwa na nafasi ya mstari unaotembea. Alikuwa katibu wa Wapagazi FC ya Kilema, klabu iliyoanzishwa na wabeba mizigo wa mlimani, na pengine timu pekee nchini ambayo kiungo wake anaweza kukosa mechi kwa kuwa yuko mita elfu nne juu, na begi la mzungu kichwani. Mwaka huu timu ilikuwa imepanda daraja. Ligi ya juu ilitaka uwanja wa mita mia moja na tano, la sivyo Wapagazi wangecheza mechi zao zote za nyumbani mkoa mwingine, jambo ambalo barua ya ligi ililiita "utaratibu mbadala wa unyumbani". Uwanja wao ulikuwa na mita tisini na nane. Upande wa mlimani ulikomea kwenye safu ya masale kumi na matatu, yale majani yanayopandwa mipakani mwa mashamba, marefu, ya zamani, yaliyosimama nyuma ya goli kama watazamaji wasiolipa kiingilio.

Mwenyekiti, Bwana Martin, aliyezaliwa Masama, mlimani hukohuko, lakini ndizi akazijulia sokoni Dar es Salaam, alisema, "Yale ni majani. Ng'oa, sogeza goli, tuendelee na maisha." Pamela, aliyekulia Moshi mjini, akasimamia kazi. Wazee wawili watatu waliguna. Lakini timu ilikuwa imepanda daraja, na hakuna anayegombana na timu iliyopanda daraja.

Masale yenyewe Pamela aliyaonea huruma. Akayapanda kwenye makopo ya rangi, na kumi na moja akayapanga mbele ya jukwaa kuu ili wakaguzi wakute mandhari. La kumi na mbili alilipeleka kwake, akaliweka chini ya dirisha la mwanawe. La kumi na tatu lilisifiwa na mkaguzi wa ligi, Bwana Abdulkarim, aliyeomba kuondoka nalo akaliweke mapokezi ya ofisi yao Dar. Kwa kuwa hakuomba kitu kingine chochote, kamati ilimwona mtu mwadilifu wa kutisha.

Fomu ya leseni ilibaki na pengo moja. Sehemu C: *Historia ya uwanja, chimbuko la jina lake, na ridhaa ya mmiliki wa ardhi.* Uwanja unaitwa Kwa Elimringi. Kila mtu alisema Kwa Elimringi: nakutana na wewe Kwa Elimringi, tumewafunga Kwa Elimringi. Elimringi ni nani, hakuna aliyejua. Pamela aliandika: *Jina ni la kimila.* Akaona limekaa vizuri.

Mechi ya kwanza baada ya goli kusogezwa, Wapagazi walishinda. Ya pili walishinda. Golikipa wao, Tito, kijana wa miaka ishirini na mbili, mtoto pekee wa Pamela, hakufungwa hata bao moja alipokaa goli la mlimani. Penalti tatu alizidaka. Hakuruka hovyo kama makipa wengine. Alikuwa anasogea kabla mpigaji hajapiga, taratibu, kama mtu aliyeambiwa.

"Unajuaje?" mama yake alimuuliza wakiwa mezani.

"Mzee wa nyuma ya goli ananiambia."

"Mzee gani?"

"Kulia, kushoto. Ananong'ona tu." Tito alisukuma sahani. Alikuwa hajagusa chakula. "Nimeshiba, mama."

Alikuwa ameshiba kwa siku tisa. Mashavu yalianza kuingia ndani. Vidole vyake vilikuwa na weupe ambao hakuna sabuni iliyoutoa, na Pamela alipovishika vilikuwa baridi kama chuma cha geti alfajiri. Kulikuwa na harufu pia. Mwanzoni alidhani kijana ameanza kunywa, kwa sababu chumba kilinuka mbege, pombe ya ndizi iliyochacha vizuri ya sherehe, na chini ya mbege hiyo udongo uliochimbuliwa. Akafungua dirisha. Harufu ikazidi. Ilikuwa inatoka nje, kwenye kopo la sale.

Na jukwaa kuu nako hakukukalika. Safu mbili za mbele, nyuma ya yale makopo, watu walikaa dakika tano wakahama, wakisema kuna baridi. Bwana Martin, ambaye aliapa mbele ya jumuiya nzima kwamba ameacha pombe, alirudi nyumbani kila Jumamosi ananuka mbege, na mkewe hakutaka kusikia habari za majini.

Jumanne kamati ilikaa. Muhtasari wa kikao kilichopita ulithibitishwa. Yatokanayo yalitokana. Jini akawekwa kwenye Mengineyo, kati ya ukarabati wa choo na jezi za wageni.

"Mwanangu hali," alisema Pamela. "Anakonda mbele ya macho yangu. Naomba atolewe golini na lile goli lirudishwe."

"Katibu," alisema Martin, "hajafungwa."

"Hali, Martin!"

"Hajafungwa mechi tano. Mimi ni mzazi pia, nakuelewa. Lakini nitaiambia nini ligi? Tumebadilisha golikipa asiyefungwa kwa sababu ya harufu?"

Muhtasari, ambao ilimlazimu Pamela mwenyewe auandike, ulisomeka hivi: *Kamati iliona kuwa huyo anayedaiwa kuwepo hajavunja kanuni yoyote ya mashindano. Hata hivyo, viongozi wa dini waalikwe.*

Padri alikuja, akanyunyiza maji ya baraka golini, akaondoka kwa haraka kwa kuwa alikuwa na ndoa tatu siku hiyo. Kesho yake Mikidadi akamleta shemeji yake kutoka Pasua, shehe mwembamba aliyewahi kuwatoa majini kwenye nyumba ambazo hata wapangaji walishindikana kutolewa. Shehe alivua viatu, akaenda hadi kwenye milingoti, akasoma kwa nusu saa. Kisha akanyamaza. Akatega sikio, akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza malalamiko ya haki. Aliporudi alikuwa anatokwa jasho, na baridi ya Kilema siku hiyo ilikuwa ya sweta mbili.

"Huyu sina la kumfanya," alisema kwa sauti ya chini. "Nimemwamuru atoke. Ameniuliza atoke aende wapi, wakati sisi ndio tulioingia."

"Ndiyo nini hiyo, shehe?" Pamela alinong'ona.

"Tafuteni mwenye ardhi, mama. Na muwahi. Anasema kuna nafasi moja iko wazi muda mrefu, na sasa amepata wa kuilalia."

Usiku huo Pamela hakulala. Asubuhi alimpelekea Tito uji. Kijana alikuwa amekaa kitandani, mgongo umenyooka, akitazama lile sale dirishani. Alimgeukia mama yake polepole, akamtazama kwa upole ambao haukuwa wa umri wake.

"Acha, mwanangu," kijana alimwambia mama yake. "Usijisumbue."

Bakuli lilianguka. Pamela alikuwa barabarani kabla uji haujamaliza kusambaa sakafuni.

Alikwenda mlango kwa mlango na swali ambalo fomu ilimuuliza miezi miwili nyuma. Elimringi ni nani? Nyumba ya sita walimwelekeza kwa Bibi Monica, bibi wa miaka themanini na minne aliyekuwa anaanika kahawa uani, akigeuza buni kwa mkono mmoja na kufukuza kuku kwa mwingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeng'oa masale." Hakuuliza, alisema tu, na kuku akafukuzwa. "Nimekungoja. Nikasema, mwenye kuumia atakuja."

"Bibi, Elimringi ni nani?"

"Baba mkwe wangu. Ule uwanja ulikuwa kihamba chake, shamba lake la ukoo. Alibeba mizigo ya Wazungu mlimani tangu kijana, na alipopata uwezo wa kupumzika alisema wapagazi nao wapate mahali pa kucheza. Akafyeka migomba yake mwenyewe. Sharti lilikuwa moja: uwanja uishie kwenye masale. Nyuma ya masale ni kwake. Alizikwa pale, akiangalia goli."

"Hakuna aliyeniambia."

"Uliuliza?" Bibi Monica aligeuza buni. "Mume wangu ndiye alikuwa golikipa wenu wa kwanza. Mtoto wa pekee wa mzee. Alipanda mlima na mzigo siku ya theluji, hakushuka. Hata mwili hatukuupata. Mzee akaacha nafasi ya kaburi ubavuni kwake, tupu. Mpaka anakufa alikuwa anasema, hapo atalala golikipa."

Pamela aligeuka upande wa uwanja. "Lile goli... tumelisimamisha wapi?"

"Juu ya hiyo nafasi, mama. Kijana wako anasimama juu yake kila siku." Kisha akauliza, kama anayeuliza bei ya chumvi: "Na masale uliyapeleka wapi?"

Pamela akamwambia. Mkono wa bibi ukasimama juu ya kahawa.

"Yesu Maria. Sale si ua la sebuleni. Ukilisimika mahali umesema, kuanzia hapa ni kwa fulani. Umempa jukwaa. Na chini ya dirisha la mwanao umeandika kabisa: na huyu ni wako." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Twende. Leo hii."

Walifika uwanjani saa tisa alasiri, saa ya mazoezi, na ukungu ulikuwa umeshashuka kutoka msituni, ule ukungu mzito wa Kilema unaomfanya mtu ajigonge kwenye ng'ombe wake mwenyewe. Wachezaji walikuwa wamekusanyika kando ya lango, hakuna aliyevaa viatu vya mpira. Mikidadi alisimama nao, akishika toroli lenye masale kumi na moja ya jukwaani, na la kumi na mbili kutoka nyumbani kwa Pamela, kama alivyoagizwa kwa simu. Bwana Martin alikuwepo pia, akihesabu rozari, jambo ambalo lenyewe lilitisha.

"Mazoezi yamesitishwa?" aliuliza Pamela.

"Hayakuanza," Mikidadi alijibu. "Kijana yuko golini tangu saa nane, hataki kutoka."

"Sasa ni nani anapiga mpira?"

Ndani ya ukungu, upande wa mlimani, ulisikika mguu ukigonga mpira, du, kisha viganja vya glavu vikiudaka, paa. Kimya. Du. Paa. Wachezaji wote walikuwa pale langoni. Pamela aliwahesabu mara mbili.

Bibi Monica alichuma jani moja la sale, akalifunga fundo, akamkabidhi Pamela. "Aliyeng'oa ndiye anayepeleka. Ukifika, piga magoti, liweke chini, omba msamaha. Akiletewa sale hawezi kukataa, hata kama ana hasira ya miaka mia. Ila usimguse kijana mpaka liwe limepokelewa."

"Nitajuaje limepokelewa?"

"Utajua."

Pamela aliingia. Alivuka mstari wa katikati na sauti za nyuma yake zikakatika kama zimefungiwa mlango. Akavuka eneo la hatari, na harufu ya mbege ikampiga usoni, ya moto, kana kwamba mtungi umefunuliwa karibu, na sasa alisikia kitu kingine, kibuyu kikigongwa kwenye mlingoti wa goli, ko, ko, ko, bila haraka, kama mzee anayesubiri kuongezewa. Alifika kwenye ule mstari uliokuwa unarudi, mweupe, ulionyooka, akaelewa kwamba kwa siku zote hizi mtu alikuwa anawaambia kwa adabu kabisa mwisho wa uwanja uko wapi, na kwamba wao walikuwa wanamfutia, na alipoinua mguu kuuvuka alihisi udongo wa upande wa pili ni laini, umetifuliwa leo, unazama kidogo chini ya kiatu na kupanda tena kama kifua cha mtu aliyelala, na mbele yake akamwona Tito katikati ya goli, amempa mgongo, amezama hadi magotini kwenye ardhi ambayo asubuhi ilikuwa nyasi, mikono kaitandaza, akidaka mipira iliyotoka kwenye ukungu mahali ambapo hapakuwa na mguu wa kuipiga, na nyuma ya nyavu kulikuwa na kimo cha mtu aliyekaa, amejifunika blanketi, na ubavuni mwake nafasi.

Alitamani kumshika mwanawe kwapani amvute. Mikono ilishaanza kwenda. Akairudisha, akapiga magoti, akaliweka lile jani lenye fundo juu ya udongo.

"Mzee Elimringi," alisema, na sauti ilimtoka ndogo kama ya mtoto aliyetumwa. "Ni mimi niliyeng'oa. Sikuuliza. Nimekuja na sale. Nisamehe, unirudishie mtoto. Ni huyo mmoja tu nilionao."

Kibuyu kilinyamaza.

Kutoka midomoni mwa Tito, bila Tito kugeuka, sauti nzito ilisema: "Na mimi nilikuwa na mmoja."

Pamela alilia hapo, si kwa woga tu. "Najua, mzee. Pole. Hakuna aliyewahi kukupa pole, nami nakupa."

Halafu jani likasogea. Halikupeperushwa, ukungu ulikuwa umetulia. Lilivutwa taratibu kwenye udongo, chini ya nyavu, likapotea, na Tito akaanguka kichalichali miguuni kwa mama yake, akatapika maji meupe kama ya chokaa. Alipopata pumzi alisema neno moja, kwa sauti yake mwenyewe.

"Njaa."

Walipanda masale jioni hiyohiyo, Mikidadi akichimba na Bwana Martin mwenyewe akibeba maji. Goli likarudishwa. Mashimo yalikuwa kumi na matatu na masale kumi na mawili. Bibi Monica alisimama mbele ya shimo tupu muda mrefu.

"Lipo Dar," Pamela alieleza. "Nitalifuatilia."

"Lifuatilie," alisema bibi. "Pengo moja ni mlango."

Pamela alipiga simu ofisi ya ligi. Wakamwambia aandike barua. Akaandika. Wakamwambia ombi la kurejeshewa ua halina fomu. Akajaza upya na fomu ya leseni, safari hii bila ujanja: mita tisini na nane, historia yote ya Elimringi, kurasa tatu, na mwisho wake, *mmiliki hakuridhia uwanja kuongezwa.* Alijua ameiondolea klabu leseni kwa mkono wake. Hakujuta. Tito alikuwa anakula. Alikula kiburu, ndizi na maharage, sufuria nzima, akalala kama mtoto, akanenepa. Jumamosi alifungwa mabao manne goli la mlimani, na mama yake alishangilia kila moja mpaka watu wakamtazama.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kwenye bahasha ya kaki yenye mhuri. Pamela aliifungua akiwa amesimama sebuleni. Jikoni Tito alikuwa anapiga kijiko kwenye bakuli.

*YAH: LESENI YA UWANJA WA KWA ELIMRINGI, KILEMA*

*Tunafurahi kukujulisha kuwa maombi yenu yamekubaliwa kwa urefu wa mita 105. Kuhusu dosari ya ridhaa uliyoitaja katika Sehemu C, tafadhali fahamu kuwa mmiliki wa ardhi, Mzee Elimringi, amefika ofisini kwetu mwenyewe. Alikutwa asubuhi ameketi mapokezi, kando ya ua mlilotukirimu, na amehudumiwa kwa mujibu wa mkataba wa huduma kwa mteja. Kwa kuwa umeshamwomba radhi, anasema hana kinyongo, na ameridhia kutoa hatua saba zilizopungua, kwa sharti moja ambalo ofisi imeona ni la kawaida: golikipa asibadilishwe.*

*Ameweka dole gumba, kwani kalamu zetu zilikataa kuandika mkononi mwake. Aliondoka na ua lake. Alisema analipeleka nyumbani kwa kijana.*

Chini ya sahihi ya Bwana Abdulkarim palikuwa na alama ya kidole, nyeupe. Pamela aliigusa. Chokaa ilikuwa bado mbichi.

Alikunja barua mara nne, akaiingiza ndani ya kanga. Hakuna aliyekuwa ameiona. Angeichoma, angemhamishia Tito kwa dada yake Moshi mjini leo hii, angemwambia Martin kwamba ligi imekataa. Kutoka upande wa dirisha la Tito, pale alipoweka kopo la rangi siku zile, upepo ulileta harufu tamu ya mbege.

Jikoni kijiko kilinyamaza.

"Imefika?" Tito aliuliza kwa upole, kwa sauti nzito ya mtu aliyengoja miaka mingi. "Wamekubali, mwanangu?"